Barua kwa mwanangu: siri ya mteja wa siri inamlinda nani?

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Kabla ya kuijibu naliweka swali lako hapa kama ulivyoliuliza, ili tusije tukapotezana njiani. Umesema kuna kampuni imekukubali uwe mteja wa siri, yaani uende madukani, benki na kwa wauza magari ukijifanya mnunuzi wa kawaida, kisha uandike ripoti ya namna ulivyohudumiwa. Wanataka picha ya kitambulisho chako pande zote mbili, namba ya akaunti yako ya benki, na ruhusa ya programu yao kujua mahali ulipo. Nawe unaniuliza kama kazi hiyo inaweza kukudhuru, kwa kuwa wao wamekuhakikishia kwamba jina lako halitajulikana kwa mtu yeyote.

Kazi yenyewe ni halali, na wapo walioifanya kwa miaka bila kupatwa na neno. Lakini nataka uelewe tangu mwanzo kwamba neno "siri" katika jina la kazi hiyo limewekwa kwa faida ya anayeilipia ripoti. Ni siri ili wahudumu wasijiandae. Haikuwekwa ili kukulinda wewe, na mtu atakayekutunzia faragha yako ni wewe mwenyewe. Nalisema hili kwa uhakika kwa sababu nililiona nikiwa upande wa pili wa kaunta.

Unakumbuka miaka niliyokuwa msimamizi wa zamu katika duka kubwa, ambalo sina haja ya kulitaja. Kila mwezi tulikuwa tunaletewa ripoti za wateja wa siri, na katika kila ripoti mteja aliandikwa kwa namba tu, bila jina. Mwezi mmoja keshia wetu mmoja alipewa onyo la maandishi kwa sababu ya ripoti hizo, akaja ofisini analia, akidai kwamba aliyeandika alimsingizia. Meneja akaifungua ripoti mbele yetu. Iliandikwa saa 10 na dakika 12 alasiri, kaunta ya 3, bidhaa mbili, na sentensi moja ambayo hadi leo naikumbuka: "Nilikuwa na mtoto mgongoni na mhudumu hakujali." Chini yake palibandikwa picha ya risiti. Tukairudisha nyuma kamera ya usalama hadi saa hiyo, na haikuchukua hata dakika 10 tukamwona dada mmoja, mtoto mgongoni, anatafuta chenji kwenye pochi. Kisha meneja akaisogeza ile picha karibu na macho, akaona kwamba risiti ilibeba namba ya kadi ya pointi za wateja. Akaiingiza kwenye kompyuta, na jina kamili likatokea pamoja na namba ya simu.

Yule keshia alikuwa amesimama nyuma yetu, na niliiona midomo yake ikiikariri ile namba. Sikusema kitu. Siku chache baadaye alikiri kwangu kwamba alimpigia yule dada usiku uleule na kumtolea maneno makali. Kutomzuia kwangu kunaniuma mpaka leo, na ndiyo maana barua hii ni ndefu kuliko ulivyotarajia.

Usidhani kwamba yale yalitokana na uzembe wa duka moja tu. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Yves-Alexandre de Montjoye, uliochambua kumbukumbu za miezi 3 za manunuzi ya kadi za watu milioni 1.1, baada ya majina na namba za akaunti kuondolewa. Watafiti waligundua kwamba kujua manunuzi 4 tu ya mtu, yaani alinunua duka gani na siku gani, kunatosha kumtofautisha na wengine wote kwa asilimia 90 ya watu hao, na kwamba kujua bei, hata kwa kukadiria, kunarahisisha zaidi. Sasa iangalie ripoti utakayoiandika wewe. Haitaji siku pekee, inataja na dakika. Haitaji duka pekee, inataja na kaunta. Na bei iko pale pale kwenye risiti. Kwa mtu aliye ndani ya duka, mwenye kamera na kompyuta ya mauzo, ziara moja inatosha.

Kwa hiyo hatari kubwa ya faragha katika kazi hii iko ndani ya ripoti yako mwenyewe, na hapo ndipo watu wengi hujikaanga kwa mafuta yao. Andika alichofanya mhudumu, wala usiandike wewe ulikuwa nani, umevaa nini au umeongozana na nani, isipokuwa dodoso limekuuliza waziwazi. Na likikuuliza, jibu kwa ufupi. Kadi ya pointi iache nyumbani siku ya kazi. Kama unaruhusiwa kulipa fedha taslimu, lipa taslimu. Marekani ilitunga sheria mwaka 2003 inayokataza risiti inayochapwa na mashine kuonyesha zaidi ya tarakimu 5 za mwisho za namba ya kadi, na sheria hiyo inamkwamisha mwizi wa kadi anayeokota risiti njiani. Haimkwamishi mfanyakazi wa duka, kwa sababu yeye anaanzia kwenye namba ya risiti, na namba hiyo ndiyo mlango wa kumbukumbu yote ya mauzo. Iulize kampuni kwa maandishi kama mwenye duka anapewa picha ya risiti au anapewa ripoti tu. Ikiwa anapewa picha, omba namba ya risiti na tarakimu za kadi zifunikwe kabla haijamfikia.

Kuna jambo dogo kuhusu picha hizo ambalo vijana mnalijua kuliko sisi na bado mnalisahau. Picha iliyopigwa kwa simu, ikiwa huduma ya mahali imewashwa, hubeba ndani yake saa na mahali hasa ulipokuwa umesimama. Mtu anatoka dukani, anafika kwake, anaitandaza risiti mezani, anaipiga picha na kuituma. Hapo ametuma risiti, na ametuma pia mahali anapolala. Piga picha ya risiti ukiwa bado karibu na duka, kisha izime huduma hiyo ya mahali kabla hujaanza safari ya kurudi. Programu yao ina haki ya kuthibitisha kwamba ulifika dukani. Haina sababu yoyote ya kukufuata hadi nyumbani, na ukiikuta inaomba ruhusa ya kujua ulipo muda wote, ipe ruhusa ya wakati unaitumia tu.

Benki na wauza magari ni habari nyingine, kwa kuwa huko huwezi kujificha nyuma ya fedha taslimu. Ukitaka kulijaribu gari, watatoa nakala ya leseni yako ya udereva, na jina lako litaingia kwenye orodha ya muuzaji ambaye atakupigia simu kwa wiki kadhaa, kwa sababu kwake wewe ni mnunuzi wa kweli. Ukiambiwa ufungue akaunti au uombe mkopo ili kukagua huduma, unaacha alama ya kweli katika historia yako ya fedha kwa ajili ya ununuzi wa uongo. Kazi za namna hiyo zikatae. Zinazoishia kwenye kuuliza maswali zikubali, na utumie laini ya simu na anwani ya barua pepe ulizozitenga kwa kazi hii peke yake, zenye nywila usiyoitumia popote pengine.

Kama hujaithibitisha kampuni yenyewe, basi hayo yote ni ya baadaye. Matapeli wanaipenda kazi hii kwa sababu mtu anayetarajia kutumwa afanye jambo la ajabu kimyakimya hashangai akitumwa. Mbinu yao maarufu, ambayo FTC, tume ya Marekani inayowalinda walaji, imekuwa ikiitolea onyo, ni hundi. Unatumiwa hundi, unaambiwa uiweke kwenye akaunti yako, ujikatie ujira wako, na zinazobaki uzitume kwa huduma ya kutuma fedha au ununue kadi za zawadi na uwasomee namba zake, eti unaikagua huduma hiyo. Benki inakuachia fedha baada ya siku chache, kabla haijajua kama hundi ni ya kweli. Wiki kadhaa baadaye hundi inagundulika kuwa ni ya bandia, ulizozituma zimeshapotea, na benki inakudai wewe. Kampuni ya kweli haikutozi ada ya kujiunga wala haikutumii fedha ili uzipeleke kwingine. Vilevile MSPA, ambacho ni chama cha kampuni za kazi hii, hakiajiri wateja wa siri. Anayekupa kazi kwa jina la chama hicho ni tapeli. Orodha ya kampuni wanachama unaweza kuitafuta mwenyewe, na ukiipata kampuni yako humo, wapigie kwa namba iliyoko kwenye tovuti yao. Usitumie namba iliyo kwenye ujumbe waliokutumia.

Sasa nije kwenye usalama wa mwili wako, jambo ambalo hukuliuliza. Kampuni nyingi za kazi hii hukagua pia mawakala wa nyumba, na huko utaingia katika nyumba tupu ukiwa na mtu usiyemfahamu. Julai 1986, Suzy Lamplugh, wakala wa nyumba wa London mwenye umri wa miaka 25, alitoka ofisini kwenda kumwonyesha nyumba mteja ambaye kwenye shajara yake alimwandika kama Bwana Kipper, na hakuonekana tena. Wazazi wake walianzisha taasisi kwa jina lake, na hadi leo inafundisha watu wanaofanya kazi peke yao namna ya kujilinda. Yeye alikuwa upande wa muuzaji nawe utakuwa upande wa mnunuzi, lakini mazingira ni yaleyale, ya watu wawili wasiojuana na milango iliyofungwa. Nikiwa mzazi siwezi kuyasoma hayo nikakaa kimya.

Mkataba wako utakukataza kutaja duka unalolikagua, na ni sawa. Lakini kunitumia ujumbe kwamba saa 9 utakuwa mtaa fulani na saa 10 utakuwa umetoka si kufichua siri ya mtu, na mkataba unaokukataza hata hilo usiutie saini. Ndani ya nyumba mwache wakala atangulie kila chumba, nawe ubaki upande wa mlango. Kazi za usiku na za vituo vya mafuta vya barabarani ziache. Ukiwa unapiga picha za jengo na mlinzi akakujia kwa ukali, acha kupiga, ondoka, na umwachie msimamizi wako maelezo. Ujira wa ziara moja haustahili mabishano na mtu aliyeshika rungu.

Wakikutaka urekodi sauti au video kwa kificho, waulize kwanza sheria ya mahali unapokwenda inasemaje, kwa maana ni wewe utakayeshtakiwa. Katika jimbo la California mazungumzo ya faragha hayarekodiwi bila ridhaa ya wote wanaozungumza, na Ujerumani kifungu cha 201 cha sheria ya jinai kinakufanya mhalifu. Isitoshe, mhudumu unayemrekodi naye ana faragha yake, na namkumbuka yule keshia wetu. Alikosea kumpigia mtu usiku, lakini kabla ya hapo naye alikuwa ameangaliwa bila kujua.

Kuhusu kitambulisho ulichoombwa, usikitume bado. Kampuni ina haki ya kujua jina lako kabla ya kukulipa, ila haina haja ya picha ya kitambulisho pande zote mbili kabla ya mkataba kusainiwa. Waulize nani ndani ya kampuni ataiona, itatunzwa wapi, na itafutwa lini baada ya wewe kuacha kazi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya kulinda taarifa za watu iliyoanza kutumika 25 Mei 2018 inampa mtu haki ya kuona taarifa zake na kuomba zifutwe, na nchi nyingi zimetunga sheria zinazofanana na hiyo, kwa hiyo kampuni makini itakuwa na jibu tayari. Wakikujibu vizuri, itume ikiwa na maandishi yanayokatiza juu yake, yakitaja jina la kampuni na tarehe, ili isiweze kutumiwa mahali pengine. Akaunti ya malipo ifungue mpya, isiyo ile unayowekea akiba.

Nitumie mkataba wao kabla hujaweka saini, hasa ukurasa unaosema risiti zinakwenda kwa nani. Nitausoma usiku huohuo na asubuhi utakuwa na majibu yangu.

Mama yako