Barua kwa mwanangu: boksi hilo lisifunguliwe

Chumbageni, Tanga

Mwanangu Rajabu,

Salamu zako zimefika. Sisi huku hatujambo, ila masika yameanza na nguo zinashinda kambani siku mbili hazijakauka. Hilo la nguo nitalirudia, maana linazihusu kadi zako kuliko unavyodhani.

Umeniuliza hivi: una laki tano, na rafiki yako aliyeko Uingereza anarudi mwezi ujao, yuko tayari kukuletea boksi la kadi za Pokémon, zile za mchezo ambazo watu huzikusanya na kuuziana, la pakiti 36. Ulifungue uuze kadi moja moja, au uliuze lilivyo? Mimi nasema lisifunguliwe, na ikiwezekana lisinunuliwe kabisa. Mwambie akuletee kadi nane au kumi ulizozichagua wewe mwenyewe, kwa namba.

Piga hesabu nami. Tangu seti (yaani matoleo ya kadi) za Scarlet & Violet zianze mwaka 2023, pakiti ya Kiingereza ina kadi 10, ukiacha zile za ziada, ya nishati ya kuchezea na ya msimbo wa mchezo wa mtandaoni: 4 za kawaida, 3 za kati, 3 zinazong'aa. Boksi zima ni kadi 360. Humo 144 ni za kawaida na 108 ni za kati, yaani 252 ambazo hakuna mkusanyaji atakayekupigia simu kuziulizia. Zinauzwa kwa mafungu, tena kwa watoto. Hata zile 108 zinazong'aa, nyingi ni kadi zilezile za kawaida zilizotiwa mng'ao. Pesa ya boksi imejificha kwenye kadi chache sana, na hizo huenda kwenye boksi lako hazimo. Ukitaka kufungua kwa raha zako, fungua, baba, sikukatazi. Ila gharama yake iandike kwenye matumizi, usiiandike kwenye mtaji.

Kuliuza likiwa zima kunawezekana, mradi nailoni yake haijachanika wala kona hazijabonyea. Lakini wanunuzi wa boksi zima huku kwetu ni wachache, na laki tano yako itakaa kabatini miezi usiyoijua.

Sasa hizo kadi nane. Mgeni husema "nataka Charizard", yule joka maarufu wa Pokémon, kisha huletewa Charizard isiyo na bei. Kwenye seti inayoitwa 151, ya mwaka 2023, Charizard ex ("ex" ni aina ya kadi zenye nguvu zaidi) ni tatu: 006/165, 183/165 na 199/165. Jina ni moja, bei zimeachana mbali, na ya mwisho ndiyo inayotafutwa. Soma kona ya chini kushoto: pana herufi za seti, lugha, namba, na alama ya unadra. Duara ni ya kawaida, almasi ni ya kati, nyota nyeusi moja ni nadra, nyota nyeusi mbili ni nadra zaidi. Nyota moja au mbili za dhahabu ndizo za michoro maalumu. Namba ya kwanza ikizidi ya pili, kama 199 juu ya 165, ujue kadi hiyo iko nje ya hesabu ya kawaida ya seti. Kwa kadi zinazotafutwa na wanaoucheza mchezo wenyewe iangalie pia ile herufi moja iliyo ndani ya kijisanduku. Herufi zikizeeka, kadi hazikubaliki tena kwenye mashindano ya kawaida, na bei hushuka; F iliondolewa Aprili 2025. Kadi inayopendwa kwa mchoro wake haijali sana hilo.

Bei usiitazame kwa wauzaji wanavyoomba. Mtu anaweza kuomba milioni kwa kadi ya elfu tano. Kwenye eBay chuja ubakishe zilizokwisha kuuzwa. Yako pia masoko ya kadi ya mtandaoni: kwa Wamarekani iko TCGplayer, na kwa Ulaya iko Cardmarket, ambako rafiki yako anaweza kununua kwa muuzaji aliye hukohuko Uingereza. Ila pana mtego wa maneno hapo. Kwa Wamarekani, "Lightly Played" (imechezewa kidogo) ndiyo hali inayofuata mara moja baada ya "Near Mint" (karibu na mpya). Cardmarket, kati ya "Near Mint" na "Light Played" pamewekwa "Excellent" (nzuri sana) na "Good" (nzuri), kwa hiyo hiyo "Light Played" yao ni kadi iliyochoka hasa. Mwambie asishuke chini ya "Excellent". Na seti ikiwa mpya madukani, subirini wiki kadhaa: watu wakishafungua maboksi mengi kadi hujaa sokoni, bei zikateremka. Wiki ya kwanza ni ya kuuza, si ya kununua.

Akishakuletea, kagua kabla hujamshukuru. Zima taa, washa tochi ya simu, ilaze kadi upande upande: mikwaruzo ya uso unaong'aa huonekana hivyo tu. Geuza nyuma, fuata kingo zote nne. Buluu ikiwa imemomonyoka ikaacha weupe, hapo ndipo bei inapopotelea. Pitisha jicho kwenye kona, kisha pima kwa macho kama mpaka wa kushoto na wa kulia umelingana. Kunjo, hata dogo la ukubwa wa ukucha, halina dawa. Usipige pasi, usifute kwa maji wala kwa spiriti. Habari za kuipeleka Marekani ikapewe daraja la 1 hadi 10 na kampuni kama PSA ziache kwanza. Ada, posta ya kwenda na kurudi, na bima vitaimeza faida ya kadi yoyote unayoweza kuinunua kwa laki tano.

Za bandia ziko tele. Zile za dhahabu tupu, za plastiki, zinazouzwa bunda zima kwa bei ya soda chache, zote ni za kuchezea tu. Kadi halisi ni karatasi ngumu. Zipo chache za chuma zilizotoka rasmi, lakini hizo zilikuja ndani ya masanduku maalumu ya bei kubwa. Njia bora ya kukagua ni kuwa na kadi halisi ya bei ndogo ya seti ileile, uziweke bega kwa bega: unene, buluu ya nyuma, umbo la herufi. Kadi za unadra wa juu zina vijistari vidogo kama alama za kidole. Bandia nyingi ni laini kama kioo. Mulika tochi kwa nyuma: halisi ina tabaka jeusi katikati, mwanga haupiti kirahisi. Na mtu akikuonyesha boksi la pakiti 36 la seti ya 151 kwa Kiingereza, muage. Seti hiyo kwa Kiingereza haikuuzwa kwa maboksi ya namna hiyo.

Nimesema nitarudi kwenye nguo. Hewa ya Tanga ndiyo itakayokula mali yako kabla ya mwizi. Kadi inayong'aa ina utando upande wa uso na karatasi nyuma. Karatasi hunywa unyevu ikatanuka, utando hautanuki, basi kadi inajikunja kuelekea usoni kama samaki aliyekaushwa. Watu huilaumu kampuni, kumbe ni kabati. Tafuta kontena la chakula lenye mpira kwenye mfuniko, na kipimo kidogo cha unyevu ukiweke ndani. Lenga asilimia 45 hadi 50. Vipakiti vya punje za kunyonya unyevu nunua vipya. Vile unavyovitoa kwenye maboksi ya viatu vilishashiba zamani. Usivijaze kupita kiasi, kwa sababu ukikausha mno kadi hujikunja upande wa pili. Mchele usitie, utaleta vumbi na fukusi. Vidonge vya nondo navyo viweke mbali, mvuke wake hulainisha baadhi ya plastiki. Kontena lisikae chini ya mabati wala sakafuni, na tafadhali usilifungue mchana wa mvua kuwaonyesha rafiki zako.

Kila kadi ya maana iingie kwanza kwenye mfuko mwororo, ndipo iingie kwenye toploda, lile ganda gumu. Ukiitia kwenye ganda gumu peke yake, itakwaruzika kila inapoteleza. Kadi ya Pokémon ni milimita 63 kwa 88, ya Yu-Gi-Oh!, mchezo mwingine wa kadi, ni 59 kwa 86. Usinunue mifuko ya saizi moja kwa zote mbili, ndogo itacheza ndani igonge kona. Albamu chagua isiyo na pete za chuma katikati, kwa kuwa pete huacha alama kwenye safu ya kwanza, na iwe na mifuko inayofungukia pembeni. Plastiki yenye harufu kali ya pazia jipya la bafu iache dukani. Mipira ya kufungia noti isiguse kadi hata moja.

Laki tano yako ningeigawa hivi: laki tatu kadi, elfu hamsini vifaa, laki na nusu ibaki kwenye simu, kwa sababu siku moja mtu atakuwa anahama mji anauza albamu yake yote kwa haraka. Yale mafungu ya watoto pia yanalipa kwa taratibu: kadi 50 zisizojirudia, mbili tatu ziwe za kung'aa, bei isiyomlazimu mtoto kuomba baba na mama kwa pamoja.

Ukiuza kwa mtu wa Dar, piga picha mbele, nyuma na kona zote, pembeni pawe na kikaratasi chenye jina lako na tarehe. Pesa ikishaingia, ziba mdomo wa toploda kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi, maana selotepu huacha gundi. Iweke toploda kati ya vipande viwili vya kartoni vilivyo vikubwa kuliko yenyewe, ndipo bahasha. EMS ya Posta au basi, vyote vinafika. La lazima ni risiti yenye namba. Daftari lako liwe na tarehe, seti, namba, lugha, hali, bei ya kununua pamoja na nauli, na bei ya kuuza.

Rafiki yako atunze risiti zote, na forodha wakimwuliza kama ni mali ya kuuza aseme kweli. Kodi ya ongezeko la thamani peke yake ni asilimia 18, mbali na ushuru, kwa hiyo uihesabu tangu sasa.

Nitumie orodha ya kadi ulizozichagua, kwa seti na namba, kabla hajalipa hata senti. Ukiandika jina peke yake nitakurudishia.

Wako,
Mama