Wasomaji Wanauliza: Kicheza Muziki cha Mfukoni na Kanda za Mzee

SWALI: Bwana Mhariri, assalamu alaikum. Baba yangu alifanya kazi bandarini Kilindini miaka mingi na sasa amestaafu. Jioni hukaa barazani akisikiliza taarabu kwenye redio kaseti ambayo siku hizi imeanza kutafuna kanda, na baada ya sala ya alfajiri hupenda kusikiliza Qur'ani. Ndugu zangu wanataka tumnunulie simu mpya tumtilie kila kitu humo, lakini simu ya kugusa kioo humchosha. Katika maduka ya Digo Road nimeona vicheza muziki vidogo vya mfukoni, vingine vimeandikwa GB 8 na vingine GB 64, na bei zao zimepishana sana. Ninunue kipi? Na zile kanda zake, ambazo zinafika 80, zaweza kuhamishiwa humo? (Binti wa Majengo)

JIBU: Waalaikum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu maswali yako mawili kwa kweli ni moja. Chombo cha kununua kinategemea kile mzee anachotaka kusikia, na anachotaka kusikia kimo ndani ya zile kanda. Kwa hiyo, kabla hujakanyaga Digo Road, keti naye barazani, lifungueni sanduku, mhesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Wimbo ukihifadhiwa kwa mtindo wa MP3 kwa kiwango cha kilobiti 192 kwa sekunde, ambacho kwa sauti iliyotoka kwenye kanda kinatosha na kubakisha, dakika moja huchukua takriban megabaiti 1.4. Kanda ya saa moja basi itachukua megabaiti 86 hivi, na kanda 80 za namna hiyo hazifiki gigabaiti 7. Usomaji wa juzuu zote 30 za Qur'ani, tukiukadiria kuwa saa 30 na kuuhifadhi kwa kilobiti 64, kwa kuwa ni sauti ya msomaji mmoja isiyo na ala, hauzidi gigabaiti moja. Jumla ni kama gigabaiti 8. Chombo kilichoandikwa GB 8 hakitakutosha, kwani programu zake zenyewe hula sehemu ya nafasi hiyo, lakini cha GB 16 kitamtosha mzee na nafasi ibaki. Hizo GB 64 zinamfaa kijana anayehifadhi muziki kwa mtindo wa FLAC, ambao haupunguzi chochote katika sauti na kwa hiyo hula nafasi mara kadhaa zaidi.

Fedha utakayookoa kwenye nafasi, itie kwenye mambo ambayo hayaandikwi kwa herufi kubwa juu ya boksi. La kwanza ni vitufe. Mwombe muuzaji akupe chombo mkononi, ufumbe macho, kisha ujaribu kusimamisha wimbo, kuongeza sauti na kwenda wimbo unaofuata kwa kupapasa tu. Ukishindwa wewe dukani mchana, mzee atashindwa gizani alfajiri. La pili, ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote kwa msikilizaji wa Qur'ani, ni kama chombo hukumbuka mahali kilipozimwa. Surat al-Baqara peke yake huchukua yapata saa mbili, na hakuna linaloudhi kama kukizima chombo katikati ya sura ndefu, kisha kukiwasha kesho yake kikaanza upya. Mjaribie muuzaji hapo hapo: cheza faili ndefu, izime dakika ya tano, iwashe, usikilize. La tatu ni herufi. Vyombo vingi vya bei nafuu havisomi maandishi ya Kiarabu, huonyesha vijisanduku vitupu, kwa hiyo majina ya sura yaandike kwa herufi za Kiswahili, na kila jina ulitangulizie tarakimu tatu: 001 Al-Fatiha, 002 Al-Baqara, mpaka 114. Jambo hili lina sababu nyingine. Baadhi ya vyombo hivi havipangi faili kwa majina bali kwa jinsi zilivyotangulia kunakiliwa, hivyo ukinakili folda, zinakili faili kwa utaratibu huo huo wa tarakimu.

Ndugu zako hawakukosea kwamba simu hucheza muziki vizuri. Ila simu hulia katikati ya wimbo, huomba programu zake zisasishwe, na chaji yake huisha kwa mambo mengine. Mzee aliyezoea kitufe kinachobofyeka apewe kitufe.

Sasa zile kanda, na hapa naomba msifanye haraka. Nyimbo zilizotolewa kwa kuuzwa huenda zikapatikana kwingine, lakini katika nyumba nyingi za Mombasa, sandukuni mna kanda zilizorekodiwa harusini, usiku mmoja, mbele ya watu, na nakala yake ni hiyo moja tu duniani. Katika waimbaji wetu wa taarabu, Juma Bhalo alifariki 2014 na Zein l'Abdin akafuata 2016. Usiku walioimba mbele ya wazee wetu haurudi. Kwa hiyo anzeni na kanda zilizoandikwa kwa mkono.

Kila kanda itazameni kwanza nyuma yake. Pale juu pana vijino viwili vidogo vya plastiki. Vivunjeni, ili hata mtu akibonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya, sauti ya zamani isifutwe. Kisha itieni penseli ndani ya tundu lenye meno, mkaze utepe uliolegea taratibu. Geuzeni kanda muitazame pale katikati ya ukingo ulio wazi: pana kipande kidogo cha kitambaa kinachoukandamiza utepe kwenye kichwa cha redio, nacho kwa unyevu wetu wa pwani hubanduka. Kikiwa kimeanguka, sauti itatoka kana kwamba mwimbaji yuko chumba cha pili. Mafundi wa zamani hukihamisha kutoka kanda isiyo na thamani.

Msiitumie ile redio inayotafuna kanda. Azimeni nzima, msafishe kichwa chake kwa pamba ya kijitini iliyoloweshwa spiriti, na msishangae pamba ikitoka na rangi ya hudhurungi, kwani hayo ni mavumbi ya utepe. Kanda iliyokaa miaka bila kuchezwa ipelekeni mbele mpaka mwisho na muirudishe mara moja kabla ya kurekodi. Baada ya hapo chukueni waya wenye pini ndogo pande zote mbili, upande mmoja kwenye tundu la vipokea sauti la redio na wa pili kwenye kompyuta. Kompyuta nyingi ndogo za siku hizi zina tundu la maikrofoni tu, nalo huingiza upande mmoja wa sauti na hukwaruza upesi, kwa hiyo nunueni adapta ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia sauti ya redio. Programu ya kurekodi sauti iitwayo Audacity ni ya bure na inatosha kwa kazi yote. Rekodini kwanza kwa mtindo wa WAV usiopunguza kitu, mkitazama vile vistari vya sauti visigonge mwisho, kisha kutoka hapo ndipo mtoe MP3 za chombo cha mzee. Ile WAV, yenye kama megabaiti 600 kwa saa, iwekeni kwenye diski mbili tofauti, katika nyumba mbili tofauti.

Kanda ya saa moja hurekodiwa kwa saa moja. Njia ya mkato haipo. Kanda mbili kila jioni ni siku 40. Mketisheni mzee karibu awatajie ni harusi ya nani, mtaa gani, nani alipiga ngoma, na ninyi mwandike, kwa maana jina la faili ndilo litakalosomwa na wajukuu.

SWALI: Mhariri, mimi huvuka feri ya Likoni kila siku kwenda kazini na muziki ndio mwenzangu. Nilinunua memori kadi ya GB 512 kwa bei rahisi mno. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri, sasa nyimbo hukatika katikati, nyingine zina majina lakini hazina sauti, na folda moja jina lake limegeuka alama zisizosomeka. Je, ni kicheza muziki changu kilichoharibika? (Abiria wa Likoni)

JIBU: Ndugu yangu, pole sana. Chombo chako ni kizima. Kadi ndiyo ya uongo, na dalili ulizozitaja nazijua kwa uchungu. Mimi nami niliwahi kununua kadi kama hiyo kwenye kibanda kimoja mjini, nikahamishia humo rekodi za maulidi ya mtaani kwetu, na kwa haraka nikafuta zilizokuwa kwenye kompyuta. Niliporudi kuzisikiliza, theluthi ya kwanza tu ndiyo iliyobaki na sauti.

Kinachofanyika ni hiki. Ndani ya kila kadi mna kijidude kinachoiambia kompyuta ukubwa wa nafasi iliyopo. Matapeli huchukua kadi ya GB 8 au 16, wakakibadilisha kijidude hicho kiseme 512. Kompyuta huamini, na chombo chako huamini. Unaponakili nyimbo na nafasi ya kweli ikaisha, kadi haikatai; ama huandika juu ya zile za mwanzo, ama hujifanya imepokea na isiandike chochote. Majina ya faili hubaki kwa sababu yamehifadhiwa mahali pengine, mwanzoni mwa kadi.

Kadi mpya, hata ukiinunua duka unaloliamini, ijaribu kabla ya kuitumia. Iko programu ya bure iitwayo H2testw kwa kompyuta za Windows, na F3 kwa za Linux na Mac. Huijaza kadi pomoni kisha huisoma yote ilinganishe, na mwisho hukuambia nafasi ya kweli ni ngapi. Kadi kubwa huchukua saa nyingi, basi iache usiku kucha. Majibu yakitoka mabaya, irudishe dukani asubuhi pamoja na risiti.

Jambo jingine, tazama kijitabu cha chombo chako. Vyombo vingi vidogo mwisho wao ni kadi ya GB 32, na kadi iliyozidi hapo kwa kawaida hupangwa kwa mtindo wa exFAT ambao vyombo hivyo havisomi kabisa. Kadi ya kweli ya GB 32, kwa nyimbo za MP3 za kilobiti 192, itakupa zaidi ya saa 360 za muziki. Kivuko kwa kivuko, utasikiliza miezi.

SWALI: Nimeuziwa iPod ya mtumba. Nimeichomeka kwenye kompyuta nikanakili nyimbo kama ninavyofanya kwenye flashi, lakini haizioni. Tatizo ni nini? (Msomaji wa Kongowea)

JIBU: Hakuna tatizo, ndivyo ilivyoundwa. Tangu ya kwanza ilipotoka 2001, iPod hupokea nyimbo kupitia programu ya Apple yenyewe, iTunes, na kwenye Mac mpya hupitia Finder, programu ya kufungulia faili. Nyimbo ulizozinakili wewe huzihesabu kuwa faili za kawaida. Apple ilitangaza Mei 2022 kwamba haitaitengeneza tena, kwa hiyo uliyonayo ina umri, na betri yake pia. Mgongo wake ukianza kufura au kioo kuinuka, acha kuichaji siku hiyo hiyo umpelekee fundi, maana betri ya lithiamu iliyofura huweza kuwaka moto.

SWALI: Mwanangu wa miaka 16 hulala na vipokea sauti masikioni, na juzi ameniambia masikio yanamvuma. Mimi naona ni vile visivyo na waya vya Bluetooth vinavyomdhuru. Nivinyang'anye? (Mama wa Tudor)

JIBU: Mama, wasiwasi wako una msingi, ila mlango wa madhara ni mwingine. Kinachoumiza sikio ni ukubwa wa sauti na muda wa kuisikiliza, iwe imepita kwenye waya au hewani. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80, na kwa watoto limeshusha hadi 75. Kila sauti inapopanda desibeli 3, muda huo hukatwa nusu: kwenye desibeli 89 mtu mzima amebakiwa na saa 5 tu kwa wiki nzima.

Muulize kwanza ni wapi hasa anakoipandisha sauti. Nadhani atakuambia ni ndani ya matatu. Muziki wa gari na honi humlazimisha aushinde kelele kwa kelele, kisha usiku akili imezoea kiwango kile kile. Mtafutie vipokea sauti vyenye mpira laini unaoziba tundu la sikio barabara, kwani kelele za nje zikizuiwa, sauti ya ndani haitahitaji kupanda. Akivuka barabara avivue. Vyombo vingi vina mahali pa kuweka kikomo cha sauti kwenye mipangilio. Kiwekeni pamoja, kisizidi asilimia 60, naye akubali kwa hiari yake. Usiku aweke saa ya kujizima, dakika 30 zatosha kumpa usingizi.

Lakini hilo la masikio kuvuma usilisubirishe. Mlio ukiendelea zaidi ya siku moja au mbili baada ya kuyapumzisha masikio, mpeleke kwa daktari wa masikio wiki hii, kwa kuwa chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa, haziwi mpya tena.