Kipupwe, jalidi na kuzizima: yaliyonikuta

Wiki hii msomaji mmoja kanitumia sentensi ya hadithi yake: "Mtoto alijitosa mtoni kwenye jalidi." Anauliza kama neno limekaa sawa. Nimeisoma nikakumbuka siku niliyoumbuliwa kwa kosa la aina hiyohiyo.

Ilikuwa tafsiri yangu ya kwanza ya kulipwa. Makala ilihusu kituo cha Vostok, Antaktika, ambako tarehe 21 Julai 1983 kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 89.2 za Selsiasi chini ya sifuri. Nikaandika, kwa kujiamini kabisa, "kipupwe cha Antaktika". Mwezi ndio ulioniponza: Julai, na kwa Waswahili Julai ni kipupwe. Mhariri alilizungushia neno wino mwekundu mara mbili, kalamu ikatoboa karatasi, kisha akaisoma sentensi kwa sauti mbele ya wenzangu. Wakacheka. Sijasahau, na sioni haya kusema bado inaniuma.

Kipupwe ni majira. Ni ubaridi wa Juni hadi Agosti, unajifunika shuka zito alfajiri, basi. Hakigandishi kitu. Jalidi ndiyo baridi ya kugandisha. Neno limetoka kwenye Kiarabu, ambako maana yake ni barafu, na barafu hiyo bado imo ndani yake. Katikati lipo zizima, nami nalipenda kuliko yote. Maji yaliyozizima ukiyatazama hayana tofauti na mengine. Unayajua ukiyanywa, meno yanapokufa ganzi. Lina kimya ndani yake pia, ndiyo maana hata mji uliofikwa na msiba tunasema umezizima.

Tangu siku ile siandiki neno la baridi kabla ya kujiuliza: maji hapa yanafanya nini? Mwezi uliopita nimepewa tena makala ya nchi za barafu, na imechapwa bila mhariri kugusa hata neno moja. Nimeikata nikaibandika ukutani. Ndugu zangu mnaoandika, acheni kuokota neno kwa sababu tu linasikika zito. Jiulizeni maji yanafanya nini. Mkikosa jibu, andikeni "baridi kali" na msione aibu.

Basi mwandishi wangu, mto wako unatiririka, na mtoto katoka mzima. Jalidi iondoe. Andika: "Mtoto alijitosa mtoni. Maji yalikuwa yamezizima."