Kijiko changu kipo Micheweni na kaka hapokei simu

"Bibi shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, nipo Pemba. Nimekaa Muscat miaka tisa nikifanya kazi, nikajibana nikanunua kijiko mtumba, ile mashine ya kuchimbia udongo, nikakileta nyumbani nikikodishe. Kaka yangu mkubwa akanambia nimpe yeye akisimamie maana mimi mwanamke mafundi watanichezea. Tukakubaliana kwa mdomo anipe laki tatu kila siku ya kazi, dizeli juu yake, na kazi ni za udongo hapahapa Chake. Miezi miwili alinipa, baadae ikawa mteja hajalipa, mara mvua, mara kanunua spea. Juzi nimesikia kijiko kipo Micheweni kinavunjishwa mawe kwa mtu anaejenga, paipu imepasuka, meno matatu hayapo na kimezima hapohapo. Kaka simu hapokei. Nimekwenda kwa mama ananambia kwani hicho chuma kina thamani kuliko nduguyo? Mume wangu anasema niuze yaishe. Usingizi sipati bibi, nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na pole khasa. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nilimkasirikia kakaako, mara ya pili nikakukasirikia weye kidogo, nisamehe lakini ntasema tu.

Umeandika umeleta kijiko ukikodishe. Mwanangu weye hujakodisha. Weye umeazima kisha ukakaa unangoja kodi. Anaekodisha anajua leo kitu chake kipo wapi, kinafanya kazi gani, kimefanya masaa mangapi na nani kakalia kiti, weye hata moja hukujua mpaka ukaja kuambiwa na watu wa njiani. Na weye ni mtu wa Pemba, hili la kukodi hukuhitaji kufundishwa na mtu, si unawajua wanaokodi mikarafuu ya msimu mmoja, tawi likiwa mbali analivuta mpaka linavunjika, atalionea huruma ya nini na mwakani mti si wake? Ndo hivohivo kwa mashine, tena mashine haina msimu wa kuchipua.

Nakwambia haya kwa machungu maana na mie yamenikuta. Marehemu mume wangu aliniachia mashine ya kuchanganyia zege, ndogo tu ile ya kusukuma, nikawa nampa jirani mmoja kwa bei ya ujirani. Siku moja imerudishwa Magharibi, kiza, nikaambiwa bibi mashine hiyo tumeisafisha. Asubuhi natia mkono ndani ya pipa, zege limeganda unene wa vidole vitatu, gumu kama baraza. Tulikaa siku mbili tunagonga kwa nyundo na patasi na pipa likatoboka pahala pawili. Nilipomwendea akanambia "bibi si mashine ya zege, itakosa kuwa na zege?" Mpaka leo tunasalimiana lakini mashine ukiitaka kwangu unaacha pesa ya dhamana kwanza, awe jirani awe nani.

Sasa tuje kwa kakaako. Wewe unadhani huna pa kumshika kwa sababu hakuna karatasi. Unapo. Masheikh wetu wanatofautisha kitu cha kukodi na kitu cha kuazima. Cha kukodi kwa alokikodi ni amana, kikiharibika bila uzembe wake halipi, lakini akivuka mipaka ya mlichokubaliana analipa. Cha kuazima kwa sisi Mashafii alokiazima anakidhamini, kikiharibika nje ya matumizi alorukhusiwa ni juu yake, na hapo wanaileta ile khabari ya Safwan bin Umayya alipoombwa deraya zake, nguo za chuma za vitani, wakati wa vita vya Hunayn akauliza kwani ananyang'anywa, Mtume s.a.w. akamwambia la, ni azima yenye dhamana. Sasa mpime kakaako. Akisema alikodi, mlikubaliana udongo wa Chake yeye kapeleka kwenye mawe ya Micheweni, kavuka mipaka. Akisema aliazima, hukumpa rukhsa ya mawe, basi anadhamini. Huku na huku kanasa. Mpelekee sheikh wa hapo kwenu mnaemuheshimu nyote wawili akwambieni mbele yake, itamwingia kuliko ukisema weye.

Na hilo la mawe usilichukulie dogo. Upande wa Micheweni na Kiuyu ule ni uwanda wa maweni, jiwe la matumbawe, si udongo wa kuchota. Jiwe lile linataka nyundo yake maalum inayofungwa mbele ya mkono wa mashine, na hata ukiwa nayo kazi hiyo haitozwi bei ya udongo maana inakula mashine. Asie na nyundo hufanya alichofanya opareta wa kakaako, anachukua meno ya kijiko anayafanya patasi, anagonga, anaunyanyua mkono anagonga tena. Kila kigongo kinarudi kwenye pini na bushi, vile vyuma vya kwenye maungio, kinapanda mpaka kwenye chuma cha mkono, meno yakishatoka kinachogonga ni mdomo wa bakuli lenyewe la kuchotea. Paipu kupasuka ndo kilio cha mwisho tu, vyengine vilishaanza kabla.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya maneno ya kuuza. Mtafute fundi wa haidroliki, yaani wa oili ya presha inayosukuma mkono wa mashine, anaekuja na paipu mpya yenye kukazwa kwa mashine, umfate weye mwenyewe mpaka Micheweni na mumeo, msimtume mtu. Usikubali paipu ifungwe kwa raba na klipu ati ifike nyumbani tu, presha ya mle si ya tairi la gari, ni kama mara mia yake, na umwambie opareta asiende kutafuta panapovuja kwa kidole, oili ya presha inaingia nyamani kama sindano na mkono unaweza kukatwa. Muombe fundi atazame na oili yenyewe, kama mchanga umeingia kwenye tangi ikiwashwa hivohivo pampu inakufa, na pampu ndo roho. Kisha akushushie bakuli chini autikise mkono mbele yako. Ukisikia ngo, ngo kwenye maungio, pini zimelika. Andika kila kitu na bei yake. Piga picha mita ya masaa, inayohesabu masaa mashine iliyowashwa, hiyo khasa, maana ndo itakwambia siku za "mvua" zilikuwa za mvua kweli au la.

Halafu mchukue ami yenu au mjomba, yule ambae kakaako akimuona anashusha sauti, mkae. Mama asiwepo kwenye kikao hicho, si kwa kumdharau, lakini mama kazi yake ni kulia na nyote mkimuona analia mtaacha hesabu njiani. Ushauri wangu ni huu na weye upime: zile siku za Chake ambazo hakulipa, msamehe nusu, alikusimamia na wewe ulikuwa hujui mlango wala dirisha. Matengenezo ya Micheweni asisamehewe hata shilingi. Paipu, meno, pini, fundi, na gari ya kuishusha kama itabidi ibebwe. Akisema hana aandike atalipa lini, na asione unamdhalilisha, Suratul Baqara aya ya 282 imetuambia tuandike deni na ni aya ndefu kuliko zote katika Msahafu, haikusema isipokuwa kwa ndugu.

Ufunguo chukua siku hiyohiyo. Na ukishauchukua usidhani umepona, mashine hizi za kampuni moja mara nyingi ufunguo mmoja unawasha nyengine za aina ileile, opareta yeyote wa zamani anao mfukoni. Funga swichi ya kukata betri pahala unapopajua weye, na tia traka yenye laini ya simu, kidude cha kukuonesha mashine ipo wapi, bei yake haifiki hata kazi ya siku chache, ungekuwa nayo ungeiona mashine inatoka Chake umekaa jikoni kwako.

Ukianza tena, opareta awe wako na mshahara wake utoke mkononi mwako, wa wakati, hadithi ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka unaijua. Mteja akimlipa yeye basi keshakuwa wa mteja, kuna hako kachai ka jioni, "tuchotee na huku kidogo", masaa mawili hayo na dizeli lita saba nane kila saa, na weye hujui kitu. Mteja unampa karatasi, ukurasa mmoja tu watosha: pahala gani, kazi gani, kwa saa ni kiasi gani, masaa manne yanalipwa hata akikuweka umekaa, mvua ikinyesha mtafanyaje (Masika yanakuja kila mwaka, watu bado wanajifanya wameshtukizwa), dizeli ya nani, pancha ya nani, kuipeleka na kuirudisha juu ya nani. Uandike na "si kazi ya mawe". Nusu ya pesa mbele. Mita inapigwa picha asubuhi na jioni opareta anakutumia kwa simu, na kila ikifika masaa 250 unasimamisha, oili na filta, hata mteja akilia. Grisi kila siku, hiyo usiulizwe.

Kuna jengine watu hawalitazami. Mteja akikwambia anataka kuchota kifusi au mchanga, muombe kibali akuoneshe kwa macho. Kuchimba vitu hivyo Zanzibar kunataka rukhsa, na wakija watu wa serikali mteja anaweza kukimbia kwa boda lakini kijiko hakikimbii, ndicho kinachoshikwa na mwenyewe ni weye. Na bima ukienda waambie wazi unaikodisha, usiwafiche ukaandika ya matumizi yako, siku ikianguka mtaroni watakuuliza ilikuwa inafanya kazi ya nani na hapo ndo utapoona umelipa bure.

Hilo la kwamba mwanamke mafundi watakuchezea, si uwongo, watajaribu. Lakini mwanangu umekaa Muscat miaka tisa kwenye nyumba za watu, hao wa Muscat hukuwaweza? Fundi anamchezea asiejua jina la kitu. Kaa nae siku mbili juani, muulize hiki nini na hiki nini, ya tatu atakuita bosi. Na hata kwa wavuvi wetu si chombo kina fungu lake? Wanarudi pwani wanagawa, la chombo, la nyavu, la watu, na mwenye chombo anaweza kuwa bibi kizee hajawahi kukanyaga maji na fungu lake analetewa. Hawamletei kwa huruma, wanamletea kwa kuwa anajua samaki walioshuka ni wangapi.

Mumeo anasema uuze. Usiuze sasa, kijiko kilolala Micheweni bila meno utauza kwa bei ya chuma chakavu na atakaenunua huenda akawa huyohuyo mwenye mawe. Kitengeneze, kifanye kazi miezi mitatu kwa karatasi, ukiona moyo hautaki uuze kikiwa kinanguruma. Kakaako kama anataka kuwa dalali akuletee wateja apate chake kidogo, sawa, lakini baada ya deni, na ufunguo asiuguse.

Kwa mama usiende na hesabu, hesabu hazitamwingia. Kila mwezi mpelekee kitu, hata kidogo, umwambie mama hii ya kijiko, alijue jina lake. Na yale meno, ukifika Micheweni tafuta kwenye mawe mpaka uyapate, hata moja, ni chuma kizito kile, urudi nalo. Akikuuliza tena kina thamani gani, mtilie mkononi alishike.