Mwanangu halali hadi saa tisa usiku. Ni uvivu?

SWALI: Shikamoo Sista. Mwanangu ana miaka 17, yuko kidato cha tatu shule ya kutwa hapa Nakuru. Usingizi humjia saa tisa usiku, na saa kumi na moja alfajiri namwamsha kwa kumrushia maji. Darasani anasinzia, mwalimu anamwita mvivu. Nimemnyima simu mwezi mzima, bado usiku anakodolea dari macho. Nimfanyeje? – Mama Brian

JIBU: Marahaba, Mama Brian. Kwanza, hayo maji yaache. Likizo iliyopita, ulipomwacha alale atakavyo, aliamka saa ngapi? Kama ni saa tano asubuhi, mchangamfu, anaulizia chai, basi usingizi wake ni mzima. Usingizi huo unachelewa tu kumjia.

Mpwa wangu alikuwa hivyo hivyo. Tulimchapa, hapa Nyalenda, Kisumu, na mimi nilikuwa muuguzi tayari. Sikujua. Naona hadi leo alivyokuwa akifunga viatu asubuhi, kamba mkononi, kichwa kimelalia goti.

Hali hii ya usingizi kuchelewa ilielezwa mwaka 1981 na daktari Elliot Weitzman na wenzake kule New York. Kati ya wagonjwa 450 waliolalamika kukosa usingizi, 30 walikuwa na usingizi mzuri kabisa, ila uliwajia alfajiri. Saa ya mwili, inayopanga muda wa kulala na kuamka, imo ubongoni, juu ya pale mishipa ya macho inapokutana, nayo haitii fimbo. Hata mmea una yake: mwaka 1729 Mfaransa de Mairan alifungia kifaurongo gizani, na majani yaliendelea kufunguka mchana na kujikunja usiku.

Saa hiyo hurekebishwa na mwanga. Huku kwetu jua huchomoza karibu saa kumi na mbili u nusu mwaka mzima, na Brian hutoka nyumbani kungali giza. Lakini usimmulikie taa kali alfajiri. Wakati huo mwili wake bado uko katikati ya usiku, na mwanga unaweza kumchelewesha zaidi.

Subiri likizo. Aamke mwenyewe, tuseme saa nne, kisha aketi nje nusu saa au zaidi, uso kwenye mwanga, asikodolee jua. Kila baada ya siku mbili, mwamshe robo saa mapema zaidi. Kuanzia saa mbili usiku punguzeni taa sebuleni. Shule zikifunguliwa, Jumamosi na Jumapili asirudie kulala hadi mchana, maana siku mbili hizo hubomoa kazi yote.

Vidonge vya melatonini, homoni inayoujulisha mwili kuwa ni usiku, usinunue kiholela. Saa ya kumeza ni muhimu kuliko ukubwa wa kidonge, na hiyo atapanga daktari. Mpe Brian daftari, aandike wiki mbili saa ya kulala na ya kuamka. Lipeleke hospitali ya rufaa, uombe kuonana na daktari wa mishipa ya fahamu au wa afya ya akili, kwani huzuni nzito nayo huvuruga usingizi na ni lazima ichunguzwe. Nakala moja mpelekee mwalimu.