Trekta inachemka kwenye plau, barabarani hapana

Papa Fundi, nalima mahindi upande wa Kipushi. Trekta yangu ni Massey Ferguson ya zamani. Barabarani inavuta trela bila shida, lakini nikishusha plau, saa moja haiishi mshale uko kwenye nyekundu na maji yanaruka nje. Kifuniko cha radiateri kilipotea, tumefunga kipande cha mpira wa tairi kwa waya. Maji natia ya kisima. Kijana wa gereji anataka kutoa termostati, ile valvu ya maji ya injini inayofunguka kwa joto, aitupe. Nimruhusu?
Mkulima, Lubumbashi

Papa, mwambie aache. Injini bila termostati huchelewa kupata moto wake na inakula mafuta bure. Tena kwenye injini nyingine maji huzunguka bila hata kupita radiateri, joto likazidi. Kama anaishuku, aichovye kwenye sufuria ya maji juu ya mbabula (jiko la makaa): maji yakikaribia kuchemka na bado haijafunguka, hapo ndiyo anunue nyingine.

Mimi naanza na huo mpira na waya. Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na maji huku yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kifuniko chenye springi nzima hubana maji ndani yakavumilia zaidi ya 100. Barabarani injini yako haifiki huko. Kwenye plau inafika, na mpira wako haubani kitu. Tafuta kifuniko chenye namba ileile ya presha, usichukue chochote kinachoingia.

Halafu toa wavu wa mbele uangalie radiateri. Mwezi wa kumi, kabla mvua haijashika, vumbi na majani makavu huziba mapezi yote, yale mabati membamba ya radiateri. Osha kutoka upande wa feni kwenda mbele, maji yasiwe na nguvu sana, mapezi hupinda. Mkanda wa feni ubonyeze katikati kwa kidole gumba: ukizama zaidi ya sentimita moja na nusu, ukaze; kama unang'aa ubavuni, ubadilishe.

Maji ya kisima upande wenu yanapita kwenye mawe ya chokaa. Ule ukoko mweupe unaouona kwenye birika la mama nyumbani, ndio uliomo ndani ya radiateri. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, pitisha mkono mbele ya radiateri. Palipo baridi pameziba. Baadaye tumia maji ya mvua na dawa ya radiateri.

Kifuniko usiguse kabla injini haijapoa, na usimwagie injini maji baridi, kichwa cha injini kitapasuka.

Asubuhi, injini baridi, iwashe, radiateri ikiwa wazi. Mapovu yakija mfululizo, au oili ikawa na rangi ya maziwa, gasketi ya kichwa, ile inayoziba kati ya kichwa na bloku ya injini, imekwenda. Hapo plau ilale. Kichwa kipelekwe kupimwa kama kimepinda kabla hujanunua gasketi, maana juu ya kichwa kilichopinda hata mpya haikai.