Nembo mara 4, rangi mara ngapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nachora mabango hapa Morogoro. Mwenye saluni kaniletea nembo yenye sura ya mama aliyesuka, upana sentimita 20, kimo 30. Anataka niikuze mara 4 ukutani. Nifanyeje sura isiharibike? Na rangi nayo niizidishe kwa 4?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na rangi, maana hapo ndipo mafundi wanapokula hasara. Nembo mpya itakuwa 80 kwa 120. Sasa tafuta eneo: la kwanza ni sentimita za mraba 600, la pili 9,600. Gawanya, unapata 16! Upana umekua mara 4, kimo nacho mara 4, na 4 mara 4 ni 16. Rangi basi ni mara 16, na mteja aelezwe hivyo kabla hamjapatana bei. Utepe wa kuzungushia pembeni ndio unaokua mara 4 tu, kutoka sentimita 100 hadi 400.

Kuhusu sura, kila urefu uuzidishe, usiuongeze. Ukiongeza 60 kila upande utapata 80 kwa 90, na yule mama atatanuka mashavu. Pembe usiziguse kabisa: ya nyuzi 60 inabaki 60.

Kazi yenyewe ni rahisi. Piga miraba ya sentimita 2 juu ya nembo, ya sentimita 8 ukutani, kisha nakili mraba kwa mraba. Tumia chaki, inafutika.